Uzi Mweusi Kwenye Beseni

Wewe uliyekosa gazeti la wiki jana, njoo nikuweke sawa upesi. Jina langu Raihana, fundi cherehani wa Rwezamenyo. Mimba yangu ya kwanza ilikuwa imeingia mwezi wa nane. Miguu ilivimba mpaka nikawa navaa kandambili za mume wangu, na kichwa kiligonga siku mbili bila kupumzika. Jirani yangu Mukandayisenga, mjane anayeishi ng'ambo ya uchochoro, akaniletea kikombe cha ikivuguto, maziwa yetu ya mgando. Akanikabidhi bila kuonja.

Hapa Kigali kila mtu anajua. Anayekupa kinywaji anapiga funda la kwanza mwenyewe, mbele ya macho yako, ndipo anakupa. Asipoonja, ameshajitangaza kuwa mchawi.

Mimi nilikunywa kwa sababu nilikuwa na kiu. Alfajiri tumbo likanibana hapa juu, chini ya mbavu za kulia, nikatapika yote. Mama mkwe akaja mbio, akaangalia, akasema neno moja: "Umerogwa." Hapo ndipo nilipowaacha.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Mimi mpaka leo nikiyasimulia nakasirika upya.

"Sikurogwa, mama," nilimwambia. "Naumwa kichwa. Nataka dawa ya maumivu nilale."

"Wanaorogwa wote husema hivyohivyo."

"Wote kina nani?"

Alikuwa ameshajitanda mtandio, anatoka.

Mama mkwe wangu si mtu mbaya. Nayasema haya mapema kwa sababu huko mbele mtataka kumchukia. Ndiye aliyenifundisha kukata kanzu, na nilipopata mimba alikuwa ananichemshia maji ya kuoga kila asubuhi. Lakini akishashika lake, ameshika.

Alirudi kutoka Nyakabanda na chupa ya maji ya kijani. Huko kuna mganga wa mitishamba anayetapisha watu waliolishwa sumu, na foleni yake haiishi.

"Kunywa."

"Nimeshatapika, mama. Tumboni hamna kitu."

"Hamna kitu unachokiona wewe. Kunywa."

Nikamtazama mume wangu, Munyakazi. Huyu ni msimamizi wa vibarua wa ujenzi kule Kinyinya, kutwa nzima anafokea wanaume wenzake. Mbele ya mama yake anakuwa mtoto wa chekechea. Alikuwa anaangalia dari.

"Kunywa tu, Raihana," akasema. "Yaishe."

Yaishe! Neno hilo silitaki masikioni mwangu tena.

Nikanywa. Nikatapika mpaka nikaona nyota, na hapo sitii chumvi. Niliona nyota kweli, vimulimuli vinapita mbele ya macho. Nikifumba vipo, nikifumbua vipo. Nikawaambia. Mnafikiri kuna aliyesikiliza? Wote wawili walikuwa wameinamia beseni.

"Haya! Munyakazi, njoo uone!"

Mama mkwe alikuwa ameopoa kitu kwa kijiti. Cheusi, chembamba, urefu wa kidole.

"Nywele hii. Nywele ya maiti. Sasa mnabisha nini?"

Munyakazi akajishika kichwa.

Nikainua shingo nikaangalia. Jamani, ulikuwa uzi! Uzi mweusi wa cherehani. Wiki nzima nilikuwa nashona abaya za watu wa harusi, na fundi gani wa mtaa wetu hakati uzi kwa meno? Mkasi uko mbali, mdomo uko karibu. Vipande vingine tunatema, vingine vinateremka.

"Mama, huo ni uzi wangu."

"Mgonjwa hajui alichokula."

"Ni uzi wa abaya! Nenda kwenye cherehani, mwenzake bado uko kwenye sindano!"

"Unaona anavyofoka?" akamwambia mwanawe. "Sumu imepanda kichwani."

Niambieni nyinyi mlioolewa, mtu kama huyu unamjibu nini? Nikilala, sumu. Nikifoka, sumu. Nikinyamaza, sumu imeshafika kwenye ulimi.

Munyakazi akatoka na kile kijiti mkononi, uzi wangu unaning'inia. Akavuka uchochoro mpaka mlangoni kwa Mukandayisenga. Nilimsikia kupitia dirishani. Kwa mama yake hana sauti, kwa mjane wa watu anayo.

"Kwa nini hukuonja?"

Watu wakaanza kujaa. Mtaa wetu hauhitaji tangazo.

"Nakuuliza wewe! Kwa nini hukuonja yale maziwa?"

"Hiyo siwezi sema," Mukandayisenga akajibu.

"Hawezi kusema!" Mama mkwe, aliyekuwa ameshamfuata mwanawe nje, akawageukia watu. "Mmesikia wenyewe, kwa masikio yenu!"

Hata mimi moyo ulinishtuka. Namtetea mtu kwa nguvu zangu zote, naye hataki kujitetea! Hasira zangu zote zikahamia kwake. Si useme tu, mama wewe! Sema ulisahau, sema maziwa yanakusumbua, sema chochote!

Yeye aliwapita wote pale nje, akaingia chumbani kwangu, akaniangalia usoni. Halafu akainama akanibonyeza mguu kwa kidole gumba, hapa juu ya kifundo. Akaondoa kidole. Shimo likabaki vilevile, kama umebonyeza unga wa chapati.

"Raihana, unaona muzuri?"

Alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza swali siku hiyo.

"Naona vimulimuli. Na wewe nakuona wawili."

"Na kichwa?"

"Kinapasuka."

"Yewe, hii iko hatari. Simama, twende hospitali."

"Haendi popote na mchawi!" Mama mkwe alikuwa ameujaza mlango. "Na hospitali haendi kabisa. Kule hawaoni sumu. Watamchoma sindano, na aliyerogwa akichomwa sindano anakufa palepale."

Hiyo nayo mmeisikia, msinidanganye. Kila mtaa una mtu anayemjua mtu aliyechomwa akafa. Mimi nimekua naisikia, na niliiogopa sana.

Lakini nilikuwa nimechoka. Nimechoka kuchunguzwa kama nyama ya buchani, kila mtu ananisoma anavyotaka yeye. Nadhani uchovu huo ndio ulioninyanyua kitandani.

"Mama, nipishe."

"Sikupishi."

"Basi sukuma tumbo hili unirudishe ndani."

Akalitazama tumbo. Mkono wake ukainuka, ukashuka. Nikapita.

Ndani ya teksi nilimgeukia Mukandayisenga. "Sasa tuko wawili. Kwa nini hukuonja?"

"Usiulize hiyo leo."

"Nimeondoka na wewe mbele ya mtaa mzima!"

"Iko jambo yangu na Mungu, Raihana. Pumua."

Pumua! Wallahi nilitaka kumzaba kofi. Nikageuzia uso dirishani, na hata dirisha lilikuwa linameremeta.

Hospitalini nilipokewa na mkunga anaitwa Kaliza, binti mwembamba aliyekulia Uganda, anaongea kama anakimbizwa. Akanifunga mkono kile kitambaa cha presha. Akapima. Akaniambia nikae vizuri, nisiongee, akapima tena. Kisha akauchukua mkono wa pili.

"Mia na sabini na mbili kwa mia na kumi na sita," akamwambia mwenzake. "Mwite daktari."

Nikamweleza yote tangu alfajiri, kisha nikapelekwa kutoa mkojo, wakautumbukizia kijiti chao, rangi ikabadilika. Kumbe leo ilikuwa siku ya vijiti.

"Dada, hii ni presha ya mimba," Kaliza akasema. "Na imefika pabaya."

"Presha gani? Mwezi jana nimekuja kliniki, mkapima, mkasema niko sawa!"

"Mwezi jana ulikuwa sawa. Hii inaweza kuanza wakati wowote baada ya wiki ya ishirini, na ikapanda haraka, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuugua presha. Ndiyo maana kila mkija tunapima."

"Basi mngeniambia nikiona vimulimuli nikimbie! Mngeniambia kichwa kisichopoa ni cha kukimbia nacho! Mmenipima, mkanipa tarehe, nikaondoka!"

"Ulipaswa kuambiwa," akasema. "Samahani."

Samahani hiyo ilinikata hasira nusu. Nusu nyingine nilibaki nayo.

"Ni maziwa?" Mukandayisenga aliuliza kwa sauti ndogo, pale kwenye kona. "Nilimupa maziwa."

"Si maziwa, mama. Si mawazo, na wala si mtu. Inaanzia kwenye kondo, lile linalomlisha mtoto tumboni. Kondo lisiposhika vizuri, mishipa ya damu ya mama inabana mwili mzima. Ikibana kichwani, unapata hayo maumivu na hivyo vimulimuli. Kwenye figo, protini inavuja kwenye mkojo. Hapo chini ya mbavu ni ini linalalamika. Kutapika kwako kwa alfajiri kulitoka huko."

"Na miguu?"

"Miguu wajawazito wengi inavimba. Lakini uso ukivimba na kichwa kikaendelea kugonga, huo si unene wa mimba."

"Na tungekaa nyumbani?"

Hakunificha. "Kifafa cha mimba. Mtu anaanguka, anakakamaa, anatetemeka, na hapo tunaweza kuwapoteza wawili. Nakupa dawa ya kushusha presha sasa hivi. Halafu nakuchoma magnesiamu, hiyo ndiyo inayozuia kifafa. Ugonjwa wenyewe hauishi mpaka mtoto atoke, kwa hiyo daktari ataamua kama tunamtoa leo."

Mimi nilikuwa nimebaki kwenye neno moja. "Kunichoma?"

Kabla hajajibu, sindano ameshaishika mkononi, mlango ukasukumwa. Mama mkwe mbele, mtandio umeteleza mabegani, Munyakazi nyuma yake anahema.

"Usimguse na sindano hiyo!"

"Mama, toka nje, nafanya kazi," Kaliza akasema.

"Sitoki! Amerogwa huyu. Ukimchoma umemuua."

"Nani kakuambia?"

"Nimeona kwa macho yangu!" Sauti ikamkatika. "Nilizaa binti kabla ya huyu Munyakazi. Shakira. Alivimba miguu hivihivi, akaumwa kichwa hivihivi. Kuna mama alikuwa anamuuzia uji, akamtilia. Mimi mjinga nikampeleka hospitali, wakamchoma. Akaniambia, 'Mama, nasikia moto.' Akaanza kutetemeka. Akanifia mikononi. Unataka nizike na huyu?"

Nimekaa katika ndoa hii bila kulisikia jina hilo hata mara moja. Nikamtazama Munyakazi. Safari hii aliangalia sakafu.

Kaliza akairudisha sindano kwenye trei. Alipoongea, kwa mara ya kwanza hakukimbia.

"Mama, huyo Shakira alikuwa mjamzito?"

"Miezi minane."

"Mlimleta hospitali siku ileile alipoanza kuumwa kichwa?"

"Tulimtapisha kwanza," mama mkwe akasema. "Tukamtapisha, na kesho yake tena, halafu..."

Mukandayisenga akajiziba mdomo kwa mkono. Mimi nilimwona mama mkwe anavyoyasikia maneno yake mwenyewe, na ingawa nilikuwa na hasira naye tangu alfajiri, roho iliniuma.

"Sikuwepo, siwezi kukuambia kilichomuua," Kaliza akasema. "Lakini huyu yuko hapa, na hatuna muda. Raihana, mwili ni wako. Nakuuliza wewe."

"Ngoja kwanza tushauriane na..." Munyakazi akaanza.

"Na nani?" Nilipaza sauti, kichwa kikanijibu. "Dari umeshashauriana nalo! Uzi umeshashauriana nao! Dada, nichome."

"Utasikia joto mwili mzima," Kaliza akaniambia. "Ni kawaida ya dawa hii, inapita. Usishtuke."

"Joto!" Mama mkwe alipiga ukelele mpaka wagonjwa wa upande wa pili wakauliza kuna nini. "Si nimewaambia? Si ndivyo alivyosema Shakira?"

Munyakazi akamshika mabega. Sindano ikaingia kwenye mshipa, polepole.

Nikaona joto linakuja kweli. Lilianzia mkononi, likapanda shingoni, likanijaa usoni kama nimefunua sufuria ya wali. Jasho likanitoka. Mama mkwe alikuwa ananinong'onea sikioni, nikadhani ananipa pole. Kumbe ananisomea shahada! Mimi niko hai, naona, nasikia, yeye ananisindikiza!

"Mama," nikasema, "nasikia moto."

Akafumba macho.

Nikangoja nife. Sitawaongopea, nilingoja. Niliukodolea macho mkono wangu nione kama utaanza kutetemeka. Mkono ukatulia pale juu ya shuka. Joto likashuka kidogo kidogo, likabaki masikioni, likaisha.

"Fumbua macho, mama. Nipo."

Alifumbua. Akanishika uso kwa mikono yote miwili, akanishika mabega, akanishika vidole. Kisha akageuka taratibu kumtazama Mukandayisenga. Safari hii hakufoka.

"Kwa nini hukuonja?"

Ndipo yule mjane alipolipuka.

"Nilikuwa nimefunga! Niliona uso ya Raihana inavimba, nikaogopa, nikaanza kufunga kwa ajili yake. Sili, sinywi, mpaka jua iingie. Kanisani kwetu ukifunga hautangazie watu, ni ya wewe na Mungu. Nikaitwa mchawi mbele ya mtaa, nikanyamaza. Sasa mumenitoa neno. Mumefurahi?"

La haula! Na mimi niliyetaka kumzaba kofi.

Mama mkwe akashuka akakaa sakafuni, pale pale karibu na kitanda, miguu ameinyoosha. Alipoongea, hakuwa anaongea na sisi.

"Yule mama wa uji alikuwa anaonja."

"Mama, basi," Munyakazi akasema.

"Alikuwa anaonja, Munyakazi! Kila kikombe. Nilikuwa namwona kila asubuhi. Anapiga funda, ndipo anampa Shakira. Na bado tulimfukuza Nyakabanda na wanawe, mvua inanyesha. Wewe ulibeba godoro lake ukalitupa barabarani."

"Mama, nimesema basi!"

"Alikuwa anaonja!"

Munyakazi naye akaanza kulia kwa sauti. Mukandayisenga akaanza kuomba kwa Kinyarwanda. Mama mkwe anarudia neno lake lilelile. Nikaziba masikio. Tangu alfajiri watu wanapiga kelele juu ya kichwa changu, na kichwa chenyewe ndicho kinachouma!

Katikati ya vurugu hiyo, Kaliza akaniinamia.

"Raihana, mtoto amecheza saa ngapi leo?"

Nikafungua mdomo nimjibu.

Asubuhi nilikuwa natapika. Halafu kijiti, halafu dirisha, halafu teksi. Nilirudi nyuma nikitafuta teke moja, teke moja tu la mwanangu tangu nilipoamka. Katika siku yote hiyo ya kuulizana nani kaonja na nani hakuonja, hakuna aliyeuliza habari zake. Na mimi mama yake ni mmoja wao.

"Sikumbuki," nikasema.

Kaliza akachukua ile pembe yao ndogo ya kusikilizia. Akaiweka tumboni, akalaza sikio juu yake. Akasikiliza. Akaihamisha.

"Nyamazeni," akasema.

Hawakumsikia.

"Nyamazeni wote!"

Wakanyamaza. Mukandayisenga alikata sala katikati. Mama mkwe akanyanyuka kutoka sakafuni, akashika chuma cha kitanda. Munyakazi akajiziba mdomo kwa kiganja. Hata wale wa upande wa pili wakatulia.

Kaliza akahamishia pembe upande wa kushoto, chini kidogo. Nilikuwa namtazama usoni. Alifumba macho, akakunja uso, akazuia pumzi.

Siku nzima nilikuwa naomba watu wanyamaze. Sasa wamenyamaza, na mimi nilikuwa tayari kutoa chochote ili mtu mmoja aseme neno.

"Sista," nikasema, "mbona husemi?"

Akainua kidole nisubiri, akaihamisha pembe tena.